Nani Alikuwa Mgeni Kasongo?

Vitabu vya kikoloni hudai kwamba vita vya 1892 hadi 1894 viliikomboa Maniema, mashariki mwa Kongo, kutoka mikononi mwa Waarabu wageni, wafanyabiashara wa watumwa wasiochangamana na wenyeji. Utumwa ulikuwapo katika miji yake ya Kasongo na Kabambare, na hilo halikanushiki. Lakini mkombozi mwenyewe, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, ndiye aliyemkubali Tippu Tip, tajiri wa biashara hiyohiyo, kuwa gavana wake wa Stanley Falls mwaka 1887, bila kusumbuliwa na dhamiri.

Dai la ugeni ndilo bovu kuliko yote. Wengi walioitwa Waarabu walikuwa wangwana, yaani watu waliofuata Uislamu, Kiswahili na mavazi ya pwani, na wengi wao walizaliwa Maniema humohumo. Sidney Hinde, daktari wa jeshi lililoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, alikuta maghala ya mchele na bustani za michungwa na mikomamanga, na asiyekusudia kukaa hapandi mchungwa. Jeshi hilo la wakombozi, kwa upande wake, liliongozwa na Wabelgiji na lilikuwa na Wahausa wa Afrika Magharibi.

Marekani nako, ambako sheria ya 1882 iliwazuia vibarua Wachina, ilidaiwa kwamba hawachangamani, ingawa hilo halikuwazuia kuajiriwa kujenga reli. Mwaka 1892 mamia ya Wachina waliletwa katika dola ya Leopold kujenga reli ya Matadi, na suala la kuchangamana halikuzuia meli yao. Kasongo ingali inazungumza Kiswahili. Utawala wa Wabelgiji ulikoma mwaka 1960.