Chainizi salama huanzia kwenye udongo

Ukipita sokoni asubuhi, iwe Buguruni au Ilala, fungu la chainizi halikosekani. Mboga hii yenye asili ya China imezoeleka mezani kwetu sawa na mchicha na matembele. Ni jambo jema, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Lakini jiulize, msomaji: chainizi unayokula imemwagiliwa maji gani?

Jijini Dar es Salaam, sehemu ya mboga za majani hulimwa kandokando ya Mto Msimbazi, unaopokea majitaka ya viwandani na majumbani. Watafiti waliopima mboga za bonde hilo wamekuta madini mazito, ikiwamo risasi. Kuosha huondoa vumbi na kupunguza vijidudu, lakini hakuondoi risasi iliyokwishaingia ndani ya jani. Kupika nako hakuiondoi. Anayeumia zaidi ni mtoto, maana risasi hudhuru ubongo unaokua.

Hatusemi uache mboga. Tunasema mwenye ua, hata mdogo, alime zake kwenye tuta la kuinua, ambapo udongo na maji anavichagua mwenyewe.

Zungushia matofali, au mbao zisizopakwa rangi, kimo cha sentimita 30 na upana wa mita moja, ili ufikie katikati bila kukanyaga udongo. Kaa mbali na choo, gereji na barabara kubwa. Jaza udongo uliotoka mahali pasipo na taka, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huleta vijidudu vya kuharisha. Pandikiza miche kwa nafasi ya sentimita 30, penye jua la kutosha, na umwagilie maji safi kwenye shina. Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma majani ya nje, na mengine yataendelea kuchipua.

Viwavi waokote kwa mkono. Ukilazimika kupuliza dawa, soma kibandiko na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Jikoni, usiichemshe ukamwaga maji, kwani utamwaga vitamini C na foleti. Ikaange kidogo kwa mafuta, hayo husaidia mwili kupata vitamini A. Madini ya chokaa yaliyomo kwenye chainizi nayo hufyonzwa vizuri kuliko ya mchicha. Anayetumia dawa ya warfarin azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mboga za majani, kwa sababu vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Asiye na ua anaweza kutumia gunia au ndoo iliyotobolewa chini. Hata hivyo, tuta la nyumbani haliwezi kulisha jiji zima. Mkulima wa bondeni naye ana watoto wa kulisha, na kumfyekea bustani si tiba. Halmashauri zipime maji anayotumia, zimsaidie kupata kisima salama, na zizuie majitaka yasiingie mtoni. Mlaji ana haki ya kula mboga bila hofu.