Rush Hour 3: "ni komedi tu" mnaniambia mimi?

Nimepotea siku nyingi, boksi limenikaba kwelikweli, si mnajua tena wodi za Uingereza wakati wa baridi. Lakini leo lazima niandike, maana wiki nzima mmenishambulia kwenye grupu la ukoo kama mwizi wa kuku. Sababu? Nimesema Rush Hour 3 ni muvi mbovu. Basi! Binamu yangu wa Tanga kaniita mzungu. Shangazi naye, ambaye sijawahi kumwona akamaliza picha ya ngumi hata moja, kaandika "mwacheni, baridi imempanda kichwani". Asante shangazi, shikamoo.

Mjadala wenyewe ulianza na zile habari za Novemba 2025, kwamba kampuni ya Paramount imekubali kuisambaza Rush Hour ya nne. Wote mkashangilia. Mimi nikauliza swali moja tu: baada ya ile ya tatu, mnashangilia nini?

Tuanze na ya kwanza, ya mwaka 1998, ili tuelewane. Mnakumbuka pale uwanja wa ndege wa Los Angeles? Jackie Chan, Inspekta Lee, anashuka kutoka Hong Kong. Chris Tucker anampokea, anamfokea kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi, anamuuliza kama anaelewa yanayotoka mdomoni mwake. Lee anatabasamu tu. Tucker anahitimisha: huyu hajui Kiingereza. Anazunguka naye mji mzima akimwaga pumba mbele yake, hadi anagundua kwamba mgeni anajua Kiingereza vizuri na amesikia kila neno. Lee anamwambia yeye hakusema hajui, ni mwenzake aliyejiamulia. Kwenye kile kichekesho, nani mjinga? Si mgeni. Mjinga ni mwenyeji anayedhani mtu asiyeongea kama yeye hana kitu kichwani.

Miaka tisa baadaye, 2007, mtengenezaji ni yuleyule Brett Ratner, steringi ni walewale wawili. Safari hii wanaenda Paris kutafuta orodha ya wakuu wa genge la Triad. Na njiani wanapita kwenye shule ya kung fu ambako kuna bwana anaitwa Yu na mwingine anaitwa Mi. Kwa masikio ya Kiingereza Yu ni "wewe" na Mi ni "mimi", kwa hiyo Tucker akiuliza "wewe nani?" anajibiwa "Yu", na huyo je? "Mi"... wanaenda hivyo mpaka unatamani kupeleka mbele. Mchezo wenyewe ni wa kuazima, Wamarekani Abbott na Costello walikuwa wakiucheza tangu miaka ya 1930, ila wao walicheza na majina ya utani ya wachezaji wa besiboli. Hapa kinachochekwa ni jina la mtu. Jina alilopewa na wazazi wake! Kisha anatokea Sun Mingming, mcheza kikapu wa China mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.3, na naye yupo pale ili tushangae tu alivyo mrefu.

Sasa njooni hospitali, hapa ndipo damu yangu inapochemka. Balozi Han amepigwa risasi, kalazwa. Majambazi wanavamia hospitali kummaliza. Mmoja anakamatwa, anaongea Kifaransa tu, basi anatafutwa sista mtawa awe mkalimani. Na kazi yote ya yule sista ni kutafsiri matusi huku akiona haya. Hicho ndicho kichekesho, dakika nzima na zaidi.

Jamani. Mimi nimesimama kwenye kitanda cha mama wa Kikongo, mtu mzima, anaeleza kwa Kiswahili cha kwao maumivu yanaanzia wapi na yanaenda wapi, na mkalimani yuko kwenye simu, laini inakatika kila saa, daktari anaangalia saa yake. Neno moja likikosewa pale mtu anapewa dawa siyo. Sisemi ukalimani wa hospitali usichekeshe, unachekesha sana, siku moja nitawaandikia. Lakini kichekesho chake kiko kwenye kutafuta neno na kulikosa, kwenye ishara za mikono, kwenye daktari anayezidi kupaza sauti kana kwamba Kiswahili ni ugonjwa wa masikio. Walikuwa na hayo yote mkononi, wakachagua matusi. Hiyo kwetu tunaita kulipua kazi.

Na msiniambie "ni komedi tu". Hayo maneno nimeshayasikia, tena kwa Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza hapa kuna mfanyakazi mwenzangu alikuwa ananiigiza ninavyotamka "bladi presha" kwenye chumba cha chai, wote wanacheka, na nikikaa kimya naambiwa ni utani tu. Nina digrii ya uuguzi na nimefaulu mtihani wa Kiingereza ambao yeye hajawahi kuukalia. Sasa nitoke huko, nifungue simu, ndugu zangu wenyewe waniambie yaleyale? Aka!

Kuna anayesema mimi sipendi kucheka. Huyo hanijui. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, nimekalia mabenchi yale mpaka sketi ikachanika. Jackie ninayemjua mimi anachekesha kwa mwili. Mwisho wa ile Rush Hour ya kwanza anapigana katikati ya maonyesho ya vitu vya kale vya Kichina, na huku anapigana anadaka mitungi isianguke. Mkono mmoja ngumi, mkono mwingine mtungi. Hakuna neno hata moja na unacheka mpaka mbavu. Ukiwa nesi unaheshimu mtu wa namna hiyo, na unaheshimu pia alivyoumia. Kwenye Police Story ya 1985 aliteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya duka kubwa, viganja vikaungua. Mwaka uliofuata, akipiga Armour of God, alianguka kutoka mtini huko Yugoslavia akapasuka fuvu la kichwa. Mwaka 2007 alishakuwa na miaka 53, simdai aruke vile tena. Nadai wasimgeuze kuwa msindikizaji wa mdomo wa Chris Tucker. Iliripotiwa Tucker peke yake alilipwa dola milioni 25. Kwa pesa hiyo hata mimi ningeongea bila kupumua.

Kinachoniuma zaidi, hadithi nzuri ilikuwemo ndani. Adui, Kenji, ni ndugu wa Lee wa kulelewa pamoja kituo cha yatima, na anachezwa na Hiroyuki Sanada, yule Mjapani aliyekuja kushinda tuzo ya Emmy mwaka 2024 kwa Shōgun. Ndugu wawili, mapanga, juu ya mnara wa Eiffel, usiku! Mngempa fundi yeyote wa Hong Kong vitu hivyo mngeona. Hawa wakatupa dakika chache, kisha utani, kisha parachuti la bendera ya Ufaransa.

Na Jackie mwenyewe mwaka huohuo wa 2007 alisema hadharani kwamba hata Rush Hour ya kwanza hakuifurahia, mapigano yalikuwa ya Kimarekani mno na utani wake hakuuelewa. Naye mtamwita mzungu?

Halafu binamu, kuhusu hoja yako kwamba mtaani kwenu "watu walivunjika mbavu". Walivunjika, sibishi. Ila kopi iliyozunguka mtaani ilikuwa na sauti ya jamaa wa kutafsiri, wale wa shule ya Lufufu. Pale kwa Yu na Mi aliona hakuna cha kutafsiri, akaanza kumsimulia bwana Yu madeni yake ya kodi ya nyumba na mwenye nyumba wa Kigogo. Mlimcheka yeye! Yeye ndiye angestahili hizo milioni 25.

Kwa hiyo kazi yako ni hii. Itafute ile ya kwanza, iwe na sauti yake yenyewe, angalia pale uwanja wa ndege, kisha angalia ya tatu pale kwa Yu na Mi. Halafu uniandikie, siyo kwenye grupu, niandikie mimi. Nina zamu tatu za usiku mfululizo, nitakujibu Jumapili.