Usipoziba Ufa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasomaji wapenzi, tazameni Cinque Terre, vijiji vitano vya pwani ya Italia. Kwa karibu miaka 1,000 wakulima walipanga kuta za mawe bila saruji, wakapanda mizabibu kwenye miteremko mikali. Kisha vijana wakakimbilia kazi za mjini La Spezia. Wazee wakabaki, kuta zikabomoka. Mwaka 1997 UNESCO iliitambua sehemu hiyo, lakini cheti hakijengi ukuta! Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha, matope yakafukia Vernazza.

Jamani, mie mwenyewe huona haya kushika jembe nikitoka shule. Je, matuta ya babu atayatengeneza nani? Naam, msomi ashike kalamu na jembe.