Tahadhari Kabla ya Korongo

Kila likizo ikaribiapo, walimu na wanafunzi huanza kupanga safari za kupiga kambi. Sina ugomvi na safari hizo, kwani nyika nayo ni darasa. Ugomvi wangu ni na maandalizi yanayoishia kwenye chakula na nauli.

Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana 7 katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019, maji yaliua tena katika mbuga iyo hiyo. Mvua yaweza kunyesha mbali, huko miinukoni, ilhali walio chini wanatazama anga safi. Mimi nifundishaye isimu huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Neno lenyewe limekwisha kutuonya.

Basi, ndugu mwalimu, uliza kwanza: Je, mvua imenyesha huko juu? Tutapandia wapi maji yakija? Nani langoni ajuaye njia yetu na saa ya kurudi, ili tukichelewa atafute msaada? Usitegemee simu, kwani bondeni mawasiliano hukatika. Na mwelekezi akisema turudi, turudi. Aibu ya kuahirisha safari hupita. Mtoto aliyechukuliwa na maji harudi.