Gemu ni yao, faili ni zetu

Ukimaliza kucheza gemu kwenye kompyuta, unabaki na vitu viwili. Cha kwanza ni sevu, ile faili inayokumbuka umefika wapi. Cha pili ni skrinshoti, picha unazowatumia mabeshte waamini kwamba kweli ulishinda. Swali letu leo linaonekana dogo: vitu hivi vinakaa wapi? Uliza hapa Nakuru na wengi watakujibu, "Si viko tu ndani ya gemu?" Mara nyingi haviko, na kutojua huko kunatugharimu.

Tazama hali ilivyo. GTA San Andreas, gemu iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005 na ambayo bado haijatoka kwenye kompyuta za mtaani, huweka sevu na picha zake ndani ya Documents. Euro Truck Simulator 2 hufanya vivyo hivyo. Minecraft huficha kila kitu ndani ya AppData, folda ambayo Windows yenyewe haikuonyeshi mpaka uiambie ionyeshe. Ukibonyeza F12 kwenye Steam, picha inaingia ndani ya folda ya programu ya Steam, chini ya msururu wa folda zenye majina ya nambari tupu. Nazo picha unazopiga kwa Game Bar ya Windows zinatupwa kwenye folda ya Videos. Picha, kwenye folda ya video!

Mtu mwenye kompyuta yake peke yake, stima ya uhakika na intaneti isiyokatika anaweza kuvumilia fujo hii. Sisi wengi hatuko hivyo. Kuanzia Section 58 hadi Free Area, na huko Njoro wanakoishi wanafunzi wa Egerton, kijana hucheza saiba kwa malipo ya saa, kwenye laptopu ya kuazima, au kwenye mashine ya mtumba iliyopitia mikono ya watu watatu kabla yake.

Mashine kama hiyo haikosi siku ya kupelekwa kwa fundi. Windows imekwama, lazima iwekwe upya. Fundi anauliza, "Kuna kitu cha maana humu?" Unamjibu, "Niokolee tu picha na kazi ya shule." Fundi mwaminifu ananakili Desktop, Documents na Pictures, kisha anafuta diski. Amefanya kazi yake sawasawa. Lakini ule mji uliojenga kwenye Minecraft kwa miezi sita ulikuwa AppData, na skrinshoti zako zilikuwa ndani ya Steam. Zimeenda. Hakuna wa kumlaumu hapo ila aliyeamua kuzificha mahali ambapo hata fundi hakuwa na sababu ya kuangalia.

Wapo watakaosema, "Ni gemu tu, anza upya." Hao hawajaelewa kinachoendelea. Vijana wa Kenya wanachora nakshi za matatu na mabasi yetu na kuziingiza kwenye gemu za kuendesha magari. Hiyo ni kazi ya sanaa, na picha za gari likiwa barabarani ndizo tangazo la mchoraji. Kwenye mashindano ya kandanda ya mtandaoni, skrinshoti ya matokeo ndiyo ushahidi. Ukiikosa, mpinzani anaweza kudai alishinda yeye, na zawadi ikamwendea.

Msimamo wetu ni rahisi: alichotengeneza mchezaji kikae mahali mchezaji anapoweza kukiona na kukibeba. Skrinshoti ziingie Pictures, ndani ya folda yenye jina la gemu. Sevu ziingie Saved Games, folda ambayo Windows imekuwa nayo tangu Vista ya 2007 lakini waundaji wengi wa gemu hujifanya hawaioni. Faili za muda na mipangilio ya mashine zibaki AppData, kwa sababu zikipotea gemu itaziunda tena. Na sevu isikae kamwe ndani ya folda ilikowekwa gemu. Kwenye kompyuta ya saiba, mahali hapo ni pa wote, kwa hivyo anayekuja baada yako anaweza kuendelea na mchezo wako au kuufuta.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Kwenye Linux, kundi la freedesktop.org liliweka zamani kanuni inayotenganisha data ya mtumiaji, mipangilio na faili za muda, kila moja na folda yake. Kinachokosekana ni waundaji kuheshimu kanuni kama hizo.

Hoja ya upande wa pili tunaijua. Waundaji husema wanaficha faili ili mchezaji asizifute kwa bahati mbaya, na kwamba Documents imeshajaa takataka. Kuhusu Documents tunakubaliana nao. Hapo ni pa CV na kazi ya chuo, na hakuna anayetaka kutafuta barua ya maombi ya kazi katikati ya folda kumi za gemu. Lakini dawa ya kufuta kwa bahati mbaya ni kumwonyesha mtu faili zake na kumpa majina yanayoeleweka. Wekeni kitufe kimoja kwenye menyu kilichoandikwa "Fungua folda yangu". Hicho tu kingeokoa machozi mengi.

Wengine watasema hifadhi ya mtandaoni imemaliza tatizo. Inasaidia, hatukatai. Lakini inakula bando, na OneDrive ya bure ina nafasi ya GB 5 tu. Kwenye kompyuta nyingi mpya, folda za Documents na Pictures hupandishwa huko bila mwenyewe kutambua vizuri alichokubali. Saiba nayo ina hatari yake: ukisahau kutoka kwenye akaunti yako, umemwachia mgeni kila kitu. Gemu iulize kwanza, ndipo ipandishe.

Kwa wenye saiba tuna ombi moja. Wengi wenu mnatumia programu kama Deep Freeze, ambayo hurudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa upya. Ni haki yenu, maana virusi ni vingi. Ila programu hiyo hiyo inaruhusu kutenga sehemu ya diski isiyofutwa. Itengeni, au bandikeni tangazo ukutani ili mteja ajue kwamba stima ikipotea, kazi yake nayo imepotea.

Na kwa wanafunzi wa Kabarak, Egerton na vyuo vya kiufundi wanaojifunza kuunda gemu: Wakenya wameshaunda gemu zao, kuanzia The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, na zamu yenu inakuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua haki ya mtu kupata data yake binafsi na kuihamisha. Hatudai kwamba kila sevu inaingia kwenye sheria hiyo, lakini roho yake iwaongoze siku mtakapoandika ule mstari wa kodi unaosema faili iende wapi.

Wewe mchezaji, usisubiri. Wikendi hii ingia kwenye mipangilio ya Steam, uchague folda ya skrinshoti unayoijua. Kwenye Windows, andika %appdata% katika sehemu ya kutafuta, uone kilichofichwa humo. Nakili sevu zako kwenye flashi. Na ukimpelekea fundi mashine, mwambie aokoe AppData na Saved Games pia, kabla hajafuta chochote.