Deni la Jirani Halilipwi kwa Mpita Njia

Wako wasemao kwamba Baraza la Mawaziri lililoundwa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016 halikuwa na ila, kwa kuwa halikuvunja sheria. Sisi twasema: huenda sheria haikuvunjwa, lakini ahadi ilivunjwa. Na mwenye kuvunja ahadi hasalimiki kwa kuonyesha karatasi.

Natukumbushane asili ya jambo lenyewe. Mwezi wa Januari 2001, baada ya uchaguzi uliogombaniwa, damu ilimwagika Unguja na Pemba, na watu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Miaka ikapita na chuki haikupoa. Ndipo Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakaa pamoja wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66 wakaridhia. Katiba ikabadilishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa hesabu ya viti vya Baraza la Wawakilishi.

Watu wakapumua. Waliokuwa hawaamkiani wakaamkiana.

Kisha ikaja tarehe 25 Oktoba 2015. Watu walipiga kura, na baada ya siku tatu Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa. Chama cha CUF kikasusa, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91. Hapakuwa na chama kingine kilichofika asilimia 10, basi kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu. Rais akawateua watu watatu wa vyama vidogo wakawa mawaziri, na ikasemwa: tazameni, na wapinzani wamo!

Je, hivyo ndivyo watu wanavyopatana? Ikiwa umegombana na jirani yako, ukapika wali, kisha ukamwita mpita njia akae mahali pa jirani kwenye sinia, je, utasema umepatana na jirani? Mpita njia hana kosa, amealikwa akala. Lakini deni la jirani liko pale pale.

Watatujibu: "CUF walijitoa wenyewe, na mwenye kususa hana haki." Hapa ndipo penye kosa kubwa. Haki ile haikuwa ya CUF hata CUF waipoteze kwa kususa, wala haikuwa ya CCM hata CCM waizuie. Ilikuwa ya watu waliopiga kura ya ndiyo mwaka 2010. Vyama vilipewa amana tu. Mmoja aliiacha amana mlangoni, na mwingine akafunga mlango akasema hakuja mtu.

Kwa hiyo hatuwatakasi waliosusa. Zilisikika habari za watu huko Pemba kukataa kuuziana dukani na kukimbiana mazishini kwa ajili ya chama. Hiyo si siasa, hiyo ni kukata udugu. Maiti hana kadi ya chama, na mtoto anayetumwa kununua mafuta ya taa hakufuta kura ya mtu.

Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye malalamiko mengi, Maalim Seif aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, safari hii kwa chama cha ACT-Wazalendo. Hakumaliza miezi mitatu. Alifariki Februari 2021. Katiba ilikuwa ile ile ya 2016. Basi lililojaza kiti si kifungu cha sheria peke yake, bali ni nia ya watu kukaa pamoja. Na nia haiandikwi katika katiba.

Enyi wazazi, msingoje wakubwa wapatane ndipo nanyi mpatane. Msiwarithishe watoto wenu kinyongo cha kura msizozihesabu nyinyi. Na kila anayekuja kuwaomba kura, wa chama chochote, mwulizeni kabla hamjampa: ukishinda, jirani yetu utamweka wapi? Asiyekuwa na jibu, mjue anataka sinia nzima peke yake.

Wabillahi tawfiq.