'Nipe chai' si matusi: Kiswahili kimoja, adabu mbili Namanga

Basi la kutoka Nairobi likishavuka Namanga, linabakiza kama kilomita 110 kufika Arusha mjini. Abiria Mkenya akishuka Ngaramtoni, njia ya kwenda Olmotonyi, hahitaji mkalimani. Anaingia kwa mama ntilie, anakaa, anasema: "Nipe chai na chapati mbili."

Chai italetwa, ila kwa uso mkavu. Mama atajiuliza huyu kijana kalelewa wapi. Kijana naye hajui kakosa nini, maana pesa ya kulipa anayo.

Hakuna aliyemtukana mwenzake hapo. Wametumia lugha moja, kila mmoja na adabu ya kwao.

Kuomba au kuagiza?

Tanzania, mteja "anaomba" hata kitu anacholipia: naomba chai, naomba maji, naomba chenji yangu. Na kabla ya kuomba, anasalimia.

Nairobi, "naomba" linaweza kusikika kama unataka cha bure. Mtanzania akilitumia mgahawani, mhudumu anaweza kudhani hana hela. Kule "niletee chai" inatosha, na hakuna anayekasirika.

Tofauti hii ina historia. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, mtoto akajifunza hesabu na heshima kwa lugha hiyo hiyo. Kenya ilikipa hadhi ya lugha rasmi, sambamba na Kiingereza, kwenye Katiba ya 2010. Kwa Wakenya wengi wa bara, Kiswahili ni cha sokoni na kwenye matatu. Heshima kwa wazazi inabaki kwenye lugha ya nyumbani. Mombasa na Lamu ni habari nyingine. Huko Kiswahili ndicho cha nyumbani, na adabu yake ni ya pwani.

Arusha nayo haijasalimika

Watanzania hupenda kuwacheka Wakenya kwa hili. Lakini machalii wa Chuga wakifika Zanzibar, yanawakuta yale yale. Kuongea kwa sauti ya juu, kumwita mtu mzima "oya", kuuliza bei bila salamu: Arusha ni uchangamfu, Unguja ni utovu wa adabu.

Na ukipanda Olmotonyi kwenyewe, miteremkoni mwa Mlima Meru, mambo yanageuka tena. Kwa Waarusha, wanaozungumza Kimaa, mtoto humsalimia mzee kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Mtu wa Dar es Salaam anayesubiri "shikamoo" anaweza kudhani mtoto kamnyamazia, kumbe kichwa kile kilichoinama ndiyo shikamoo yenyewe. Hapo Mswahili ndiye mgeni.

Kwa nini sasa?

Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Julai 2022, wakuu wa nchi wanachama wakiwa jijini humo waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya jumuiya, pamoja na Kifaransa, kando ya Kiingereza. Halafu kuna AFCON 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kuiandaa kwa pamoja, na Arusha inajengewa uwanja mpya kwa ajili hiyo.

Uamuzi wa kikao unaipa lugha cheo. Haumfundishi mtu kuomba chai. Anayeumia kwanza ni mfanyabiashara mdogo: mama ntilie aliyenuna anapoteza mteja, na mteja aliyejiona kadharauliwa anarudi kwao na hadithi kwamba Watanzania wanaringa. Mwenzake wa Arusha anarudi na yake, kwamba Wakenya hawana adabu. Hadithi hizo zinavuka mpaka haraka kuliko bidhaa.

Dawa yake haina gharama. Anayesafiri aanze na salamu kabla ya shida yake, kisha asikilize wenyeji wanavyoagiza kabla hajafungua mdomo. Mwenyeji naye, akisikia "nipe chai", ajiulize kwanza mgeni katoka wapi kabla ya kuuliza kalelewa na nani.

Akishamaliza kumimina, anaweza kumwambia kwa upole: "Huku kwetu tunasema naomba." Mgeni akirudi kesho, atasema hivyo.